Sanduku la Muhugu na Bati la Vifaranga

Ko, ko, ko. Kuku mwenye vifaranga alikuwa akigonga bati kwa mdomo wake pale nje ya jikoni, kama alivyofanya kila siku kabla mbingu haijaanza kupauka. Kalunde alikuwa macho tayari. Alilala akisikiliza mlio ule mdogo, akajua kwamba kitambo kidogo tu jenereta ya chuo itawashwa, na jenereta ikiwashwa hasira yake nayo itaamka.

Ikawashwa. Alinyoosha mkono akafungua redio yake ndogo iliyokuwa juu ya kibao, ile ambayo mwanawe Kisilu alimletea kutoka Makindu alikofanya kazi katika gereji. Kwa muda ilikuwa safi, wimbo wa kanisa ukipita laini. Kisha wimbo ukamezwa. Ukaja mngurumo wa nyuki waliochokozwa mzingani, na ndani ya mngurumo mlio wa mahindi yanayokaangwa bila mafuta. Kalunde aliifunga.

"Wameanza?" Mumbua aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Wameanza. Lala, mwanangu. Umeamka salama?"

"Mtoto anapiga teke tu."

"Apige. Anayepiga teke ana nguvu."

Mumbua alikuwa mke wa Kisilu, na mimba yake ilikuwa imefika mahali ambapo mwanamke hutembea akishika kiuno. Mimba ya kwanza ilimtoka mtoto akiwa amekwisha kufa, na yeye mwenyewe aliokolewa kwa kupasuliwa katika hospitali ya misheni, huko mbali. Daktari alimwambia Kalunde maneno ambayo hakuyasahau: safari nyingine, uchungu ukianza tu, msingoje. Semeni na sisi kwa redio, tuwaletee gari.

Redio hiyo ilikuwa katika zahanati ya kanisa, hatua chache kutoka boma la Kalunde. Si redio ya nyimbo. Ilikuwa sanduku la kijivu lenye kipaza sauti cha kushikwa mkononi, na waya wake mrefu ulifungwa juu ya mti wa mgunga. Simu haikufika pale sokoni Kwa Ndeti. Barabara ya kwenda Mutomo, penye hospitali, ilikuwa mchanga mtupu. Basi, mtu akiumwa na nyoka, au mama akishindwa kujifungua, Sista Wangui mwenye zahanati aliita hospitali, na hospitali ikaleta gari. Walisikiliza wito alfajiri na jioni, maana saa hizo ndizo sauti zilisafiri vizuri. Joto likishapanda, hata redio huchoka.

Lakini kompyuta ya chuo nayo haikupenda joto. Mwalimu Muli, mkuu wa chuo cha kanisa cha upigaji chapa, alisema mashine ile ikiwashwa mchana itaungua. Kwa hiyo akapanga masomo alfajiri na jioni. Saa zote mbili za baridi ambazo Mungu aliwapa watu wa Kwa Ndeti, Muli alizichukua.

*

Siku kompyuta ilipoletwa, watu walivaa kama wanaokwenda harusini. Ilikuwa mwaka wa 1993, na katika tarafa nzima hakuna aliyekuwa nayo. Wafadhili waliituma, kanisa likachinja mbuzi. Ilikuwa na kioo kama cha televisheni, na chini yake kisanduku kilichofunikwa kwa bati zito la rangi ya maziwa yaliyoganda. Wazee waliizunguka wakaitazama. Mmoja akasema polepole kwamba kitu chenyewe kina thamani, lakini kimevaa kama debe la mafuta ya taa.

Muli akacheka, akamgeukia Nzioka, mume wa Kalunde. "Mzee, na wewe upo. Mashine hii inafunikwa na bati na bati linashika moto. Wanafunzi wanaungua vidole. Si uivishe nguo ya Kikamba?"

Nzioka alikuwa mchongaji tangu ujana. Viti vyake vya miguu mitatu vilikuwa katika nyumba za watu hadi Kitui mjini. Lakini mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na tangu mvua zilizopita alikuwa hajachonga kitu ila miiko. Kalunde aliona uso wake ulivyofunguka aliposikia maneno yale. Mgeni wa heshima hupewa kiti kilichochongwa. Basi na mashine ipewe sanduku. Alitafuta gogo la muhugu alilokuwa ameliweka kwa ajili ya jeneza lake mwenyewe, akalipasua mbao. Alichonga twiga na tembo pande zote, na juu mwanamke anayeteka maji. Nyumba nzima ilinukia muhugu. Alipomaliza, wazee walilishika sanduku lile kwa viganja, mmoja baada ya mwingine, kama wanaomsalimu mtoto.

Muli alilifungua lile bati la kiwandani akampa Nzioka. "Chukua, mzee, usiende mikono mitupu."

Nzioka akaliangalia. Lilikuwa limekunjwa pande mbili, mfano wa handaki fupi. Akamletea mke wake. "Mama Kisilu, vifaranga wako wasiliwe tena na mwewe." Alililaza chini, akaziba upande mmoja kwa jiwe. Kuku aliingia jioni hiyo hiyo na watoto wake. Kalunde alimpikia mzee wake uji wa wimbi kwa shukrani, maana alikuwa amemlilia vifaranga hao kwa muda mrefu na hakujua kama alikuwa akisikia.

Wema huo ndio ulioleta kifo. Kalunde hakujua bado.

*

Aliyekufa alikuwa Nzuki, mtoto wa Ndululu na Mbuvi. Kifutu alimuuma mguuni jioni akirudisha mbuzi. Mbuvi alimbeba mgongoni hadi zahanati, na Sista Wangui akashika kipaza sauti.

Kalunde alikuwepo. Alimshika Ndululu mabega wakati Sista akiita. "Hospitali, hospitali, hapa Kwa Ndeti, mnanisikia, ova." Nyuki. Mahindi. "Hospitali, nina mtoto, nyoka, leteni gari, ova." Nyuki. Sista aliita mpaka sauti ikakauka. Ng'ambo ya ua, dirisha la chuo lilikuwa na mwanga, na wanafunzi walikuwa wakicheka kitu.

Walimweka mtoto juu ya mkokoteni wa punda wakaanza safari. Sista alikwenda nao kwa miguu, ameshika taa, amevua sweta yake akamfunika Nzuki. Kalunde aliiona sweta ile baadaye, imefuliwa na kuanikwa kwenye ua wa Ndululu, na ikabaki pale siku nyingi kwa sababu hakuna aliyeweza kuigusa.

Kwenye mazishi Muli aliomba. Alisema Mungu alimpenda Nzuki kuliko sisi. Ndululu aliinua macho akamtazama, kisha akayashusha.

Kamati ya kanisa ikauliza habari za redio. Muli akasema, "Redio ya zahanati imezeeka. Sista aombe nyingine." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Sista Wangui alisema redio ilikuwa nzima mwaka wote uliopita. Muli akatabasamu. "Sista, wewe ni wa dawa. Mambo ya mitambo tuachie." Kwa kuwa Sista alitoka Nyeri na hakuwa na ndugu pale, maneno yake yalianguka chini bila mtu wa kuyaokota.

Kalunde ndiye aliyemfuata nje. "Redio yangu nayo inanguruma," alimwambia. "Jumapili jenereta iliwashwa kwa ajili ya vipaza sauti vya kanisa na redio haikunguruma. Ikiwa si jenereta, ni nini?"

Sista alisimama. "Mama Kisilu, umepima hivyo wewe mwenyewe?"

"Sijapima. Nilikuwa nasikiliza nyimbo."

Siku iliyofuata Sista alimtumia Kisilu ujumbe kwa dereva wa lori, na Kisilu akamleta Waithaka.

*

Waithaka alikuwa fundi wa Makindu, kijana mnene mwenye maneno machache, anayetengeneza redio na mashine za ofisi kando ya barabara ya Mombasa. Alifungua redio ya zahanati, akaipima, akaifunga. "Nzima kabisa," alisema. Akamwomba Kalunde redio yake ndogo. Jioni ilikuwa imeingia na masomo yameanza. Alitembea nayo uani polepole, Kalunde na Sista nyuma yake. Karibu na jenereta, nyuki walinong'ona. Karibu na kanisa, walinyamaza. Mlangoni pa chuo walipiga kelele hata wanafunzi wakageuka.

Waithaka aliingia. Aliliona sanduku. Alipitisha kidole juu ya twiga na yule mwanamke anayeteka maji.

"Nani alichonga?"

"Mume wangu," Kalunde alisema.

"Ni kazi nzuri, mama. Sijaona nzuri kama hii." Alitazama huku na huku chumbani, kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo. "Bati lake liko wapi?"

Muli alikuwa ameshasimama. "Bati la nini? Lilikuwa joto."

"Mwalimu, bati lile si nguo. Mashine hii inafanya kazi kwa mapigo ya umeme ya haraka mno. Mapigo hayo yanatoka nje yakiwa mawimbi, kama yale ya redio. Bati linayafungia ndani na kuyashusha ardhini. Mbao hazifungii kitu. Ni kuteka maji kwa kikapu cha kiondo." Alimgeukia Kalunde, akasema kwa upole, "Mzee hakuwa na njia ya kujua, mama. Hata mimi nisingejua kama sikufundishwa."

Kisha akainama nyuma ya mashine, akafuta vumbi kwa kidole gumba. Palikuwa na kibandiko. "Lakini hapa pameandikwa," alisema.

"Nimekisoma hicho," Muli alisema.

Kalunde alimsogelea.

"Umekisoma lini?" aliuliza.

"Siku mashine ilipokuja. Kinasema imepimwa kwa sheria ya Marekani. Isipotumiwa ilivyotengenezwa inaweza kuvuruga redio za watu, na mwenyewe atatakiwa kurekebisha kwa gharama yake. Sasa, mwaitu, hapa ni Marekani? Mimi sijaona sheria hiyo huku kwetu. Nani atakuja Kwa Ndeti kunikamata kwa sababu ya mawimbi?"

Alimwita mwaitu, mama yangu, kama mtoto mwema anavyomwita mama yeyote wa rika lile. Kalunde alikuwa amemwogesha Muli kwa mikono yake miaka ile mama yake alipolazwa. Alimjua tangu alipokuwa na kamasi.

"Kwa hiyo," alisema, "mtoto wa Marekani akiumwa na nyoka wito wake unasikika, kwa sababu kuna sheria. Mtoto wa Ndululu hana sheria, basi afe."

"Usiyaweke maneno hivyo."

"Nimeyaweka ulivyoyaacha wewe. Ulikisoma. Ulisimama kwenye kaburi ukasema Mungu alimpenda, na ulikuwa umekisoma."

Muli alishusha sauti, maana wanafunzi walikuwa wakisikiliza. Alisema atazima mashine saa za wito. Alisema Jumamosi wafadhili wanakuja kupiga picha za sanduku, wameshaambiwa habari zake. Wakishaondoka, bati litarudishwa. Alisema pia kwamba si vizuri kuwachokoza wafiwa kwa mambo ya kitaalamu. "Ndululu akiambiwa, itamsaidia nini?"

Waithaka alikusanya vyombo vyake. Mlangoni alimwambia Sista, "Mkiruhusiwa kulirudisha hilo bati nitumieni habari, nitakuja kulifunga. Sitaki malipo."

*

Kumwambia Nzioka kulikuwa kugumu kuliko kumkaripia Muli. Kalunde alimngoja amalize kula. Aliyasema maneno ya Waithaka yote, pamoja na sifa, na zile sifa ndizo alizitanguliza.

Nzioka aliitazama mikono yake. Kisha akatazama nje, pale kuku alipokuwa akiwaingiza watoto wake chini ya bati.

"Lile pale," alisema.

"Ndilo."

"Nilidhani ninakuletea kitu kizuri."

"Uliniletea kitu kizuri. Aliyejua hakukwambia."

Alfajiri mzee alilitoa bati, akalisugua kinyesi cha kuku kwa mchanga na maji, akalipeleka chuoni akiwa amelibeba kichwani. Kalunde alimwona akirudi nalo, bado liko kichwani, akitembea kama aliyebeba maji ya nyumba nzima.

"Ameniambia niwe na subira mpaka Jumamosi," alisema. "Amesema, mzee, unataka kuibomoa kazi yako mwenyewe kabla wageni hawajaiona? Nikaona aibu. Hata sijui aibu ya nini."

"Na wewe ukarudi nalo."

"Ni mtu aliyesoma, Mama Kisilu."

Kalunde alilichukua bati akalirudisha juu ya vifaranga, na alipolilaza chini lililia kwa sauti iliyomfanya kuku akimbie. Siku hiyo alipika na kufagia kwa kishindo. Alikuwa mwanamke wa subira. Alikuwa amevumilia njaa mbili kuu na mkwe mkali. Lakini subira ya kungoja mvua si sawa na subira ya kumngoja mtu aache kukanyaga shingo yako.

Ahadi ya kuzima ilidumu kwa siku moja. Kesho yake mashine ilinguruma alfajiri na jioni kama kawaida. Sista alikwenda kuuliza, akaambiwa wanafunzi lazima waandike makaratasi ya wageni.

*

Ijumaa, kuku hakumwamsha Kalunde. Mumbua ndiye aliyemwamsha.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Maumivu yamekuja. Na kuna damu."

Walimpeleka zahanati wakimshika huku na huku, Kalunde na Nzioka. Jenereta ilikuwa ikiunguruma. Sista Wangui alimlaza Mumbua, akamgusa tumbo, uso wake ukawa mgumu. Akakimbilia redio. "Hospitali, hapa Kwa Ndeti, mnanisikia, ova."

Nyuki.

"Hospitali, nina mama aliyepasuliwa, anatoka damu, ova."

Mahindi, mahindi, mahindi. Katikati ya kelele, kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka chini ya kisima, Kalunde alisikia mwanamume akisema kitu, nusu ya neno, kisha akamezwa. Walikuwepo. Walikuwa wakisikiliza. Ilikuwa ni hatua chache tu za ua zilizomzuia mtu yule asisikie.

Mumbua alishika mkono wa Kalunde. "Mama, usiniache niende na mkokoteni," alisema.

Kalunde aliuweka mkono ule juu ya godoro, taratibu. Akatoka. Hakwenda moja kwa moja chuoni. Alipita kwake, akainua bati na vifaranga wakatawanyika, akalibeba kifuani na jasho la usingizi bado lipo mwilini. Nzioka alimwona akipita. Naye akaingia ndani akatoka na tezo lake, lile la kuchongea.

Wanafunzi walisimama alipoingia, kwa heshima, kama walivyofunzwa makwao. Muli alikuwa ameketi mbele ya kioo.

"Zima."

"Mwaitu, dakika kidogo, nikizima sasa kazi yote itapotea—"

"Mumbua anatoka damu. Zima."

"Sista ajaribu tena, wakati mwingine inasikika."

Kalunde aliliweka bati juu ya meza mbele yake, na kinyesi cha vifaranga kikaangukia makaratasi ya wageni. "Muli wa Ndeti," alisema, wala hakupaza sauti. "Nilikuogesha. Nilikupa maziwa ya mbuzi ulipokuwa unalia. Leo nikitoka humu kwenda kuzika, nitakaa mlangoni pako kila alfajiri mpaka nife, na kila atakayepita nitamwambia ulikuwa umekisoma."

Muli alifungua mdomo. Msichana mmoja wa mbele, wala Kalunde hakumjua ni wa nani, akainama chini ya meza akaung'oa waya ukutani. Kioo kikafa. Msichana akarudi akasimama mahali pake.

Kwa kimya kile, walisikia sauti ya Sista kutoka ng'ambo ya ua, na baada yake, wazi kabisa, kama mtu aliye chumba cha pili, sauti ya kiume: "Kwa Ndeti, tumewasikia, gari linatoka, mlazeni na miguu iwe juu, ova."

Kalunde alikaa chini sakafuni.

Nzioka aliingia sasa. Alilikaribia sanduku, akaanza kugonga vigingi vyake kimoja kimoja kwa kisigino cha tezo.

"Mzee, hiyo ni mali ya chuo," Muli alisema. "Wageni ni kesho."

"Mali ya chuo ni mashine," Nzioka alisema. Mikono yake haikutetemeka. "Mimi najua kigingi kilipo. Wewe ulijua kibandiko kilipo. Kila mtu na atoe chake."

Akalitoa sanduku zima bila kulipasua, akaenda nalo.

*

Mumbua alipasuliwa tena, akapata msichana. Alipewa jina la Kalunde, kama ilivyo desturi, na Kalunde mkubwa alipomshika Kalunde mdogo hospitalini alishangaa kwamba furaha haikuifukuza hasira. Zilikaa pamoja kifuani kama wake wenza. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, angekuwa anazungumza maneno mengine.

Jumamosi wafadhili walikuja. Waithaka, ambaye hospitali ilimpigia simu kwa ombi la Sista, alikuwa amekwisha kulifunga bati, na lilikuwa na mikwaruzo ya makucha ya kuku juu yake. Wageni waliuliza sanduku la tembo liko wapi. Wanafunzi wakaendelea kupiga chapa. Redio ya Sista ilisema siku hiyo na siku zilizofuata, kompyuta ikiwa imewashwa au imezimwa, na kama nyuki walibaki, walikuwa wawili watatu wa kupita. Muli hakuomba radhi. Jumapili alikaa kiti chake cha mbele na kuimba kwa sauti. Kamati ilisema mambo yamekwisha, tuyaache.

Kalunde hakuyaacha. Mumbua aliporudi nyumbani, watu walikuja kumwona mtoto, wakaleta uji na maziwa na kuni. Ndululu hakuja. Alituma maziwa katika kibuyu kwa mkono wa jirani, na kibuyu kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Kalunde alikitazama kibuyu kile kwa muda mrefu.

"Twende," alimwambia Nzioka.

Walimkuta Ndululu akipepeta pojo uani. Sweta ya Sista haikuwapo tena juu ya ua, alikuwa ameivaa. Aliwapa viti. Nzioka hakukaa, mpaka mkewe alipomvuta.

Kalunde alimwambia yote. Alimwambia bati lilikuwa na kazi gani, na nani alilitoa, na nani alichonga sanduku, na vifaranga wa nani walilala chini yake jioni ile Sista alipokuwa akiita. Alimwambia kibandiko kilisema nini, na nani alikisoma. Hakuongeza maneno ya dini. Ndululu aliendelea kupepeta mpaka pojo zikaanza kumwagika nje ya ungo, naye hakuona.

"Walikuwa wakisikiliza?" aliuliza mwishoni. "Kule hospitali. Jioni ile walikuwa wakisikiliza?"

"Walikuwa wakisikiliza."

"Mimi nilidhani hawakutaka kutujibu. Nilidhani walisikia ni sisi, maskini wa Kwa Ndeti, wakanyamaza. Nimewalaani watu wale kila siku."

"Hawakusikia."

Ndululu aliweka ungo chini. Alilia, lakini si kwa njia aliyolia mazishini. Alilia akiwa ameuma meno, akipiga goti lake kwa ngumi. Nzioka alipiga magoti mchangani, mzee mwenye mvi, akaanza kuokota pojo moja moja na kuzirudisha kwenye ungo.

"Sanduku liko wapi?" Ndululu aliuliza.

"Vifaranga wanalala humo," Nzioka alisema bila kuinua macho. "Ukitaka nilichome, nitalichoma."

"Usilichome. Mti una kosa gani?" Alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Jumapili nitasimama kanisani. Sitaomba ruhusa. Nitamuuliza mbele ya watu, Mwalimu, ulikisoma lini? Nitakaa chini baada ya kuuliza. Utakaa karibu nami, Mama Kisilu?"

"Nitakaa karibu nawe."

Walipoinuka kwenda, jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Ndululu aliwasindikiza hadi kwenye mti wa mnyaa wa mpakani. Alisimama pale, mikono imefunga sweta kifuani ingawa kulikuwa na joto.

"Sikuja kumwona mtoto," alisema. "Niliogopa nitamchukia."

"Najua."

"Mje tena. Mje naye. Mumbua akipata nguvu, mje wote, mnipe nimshike."

Kalunde alimshika mkono. Ndululu hakuuachia upesi.

"Mje kabla ya Jumapili," alisema.